Kabla Hujahamisha Difu ya Subaru Kwenye Giaboksi ya Mtumba

Giaboksi ya otomatiki ya Subaru ikifa, mwenye gari wa Nairobi huelekezwa Kirinyaga Road, wa Dar es Salaam hupelekwa Kariakoo au Ilala, na wa Kampala huambiwa aende Kisekka. Huko kote atakuta giaboksi zilizotoka Japani zimepangwa sakafuni, zimefutwa zikafutika. Muuzaji atauliza ni gari gani na injini ya CC ngapi, kisha atanyoosha kidole: hii hapa ya Forester, inaingia bila tatizo. Na kweli inaingia. Bolti zinakubali, soketi za waya zinakubali, gari linawaka na kuondoka. Tatizo huja baadaye, mwenye gari anapokata kona polepole kuingia maegesho. Gari linajikaza, tairi zinaburuzika kwenye lami, na chini kunasikika kishindo kizito kila usukani unapofika mwisho.

Hapo ndipo watu huanza kutupiana lawama. Fundi atasema giaboksi ni mbovu, muuzaji atasema fundi hajui kufunga. Mara nyingi wote wawili wamekosea. Giaboksi ni nzima na imefungwa sawasawa, ila difu ya mbele iliyomo ndani yake hailingani na difu ya nyuma ya gari. Ndipo mtu anapoanza kusikia habari ya kuhamisha difu, yaani kuitoa ile iliyokuwa kwenye giaboksi iliyokufa na kuiweka kwenye hii ya mtumba. Inawezekana, na wapo mafundi wanaoifanya vizuri. Lakini ni kazi ya kufikiriwa mwisho. Makala haya yanaeleza kwa nini, na ikibidi kuifanya, uisimamie vipi.

Ukinunua giaboksi umenunua na difu

Kwenye Hiace au Hilux, difu iko nyuma, mbali na giaboksi. Unaweza kubadilisha kimoja bila kugusa kingine. Subaru imepangwa vingine. Injini imekaa kwa urefu wa gari, giaboksi inafuata nyuma yake, na difu ya mbele imo ndani ya kichwa cha giaboksi, nyuma ya torki konveta na chini yake kidogo. Nguvu ya injini inapita giaboksi hadi mkiani, na huko inagawanyika. Sehemu moja inarudi mbele kwa shafti ndefu ya pinioni mpaka difu ya mbele. Sehemu nyingine inapita kwenye klachi yenye sahani nyingi, inaingia propela, na kuishia kwenye difu ya nyuma.

Giaboksi ninayoizungumzia hapa ni 4EAT, ile ya gia nne. Ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1980 na ikaendelea hadi Forester za muundo wa SH, zile zilizoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2007. Ndiyo iliyomo katika Impreza, Legacy na Forester nyingi zinazotembea katika barabara zetu. Gari lako likiwa na giaboksi ya gia tano au ya CVT, kanuni ya kulinganisha difu mbili inabaki ileile, lakini vipimo na namna ya kufungua ni vingine.

Kuna jambo moja ambalo mwenye Subaru anapaswa kulijua hata kama hatashika spana maisha yake yote. Difu ya mbele ina chumba chake na oili yake. Giaboksi inatumia ATF, ile nyekundu nyepesi. Difu inatumia oili nzito ya gia ya daraja la GL-5, 75W-90 au 80W-90, lita 1.2 hivi. Kila moja ina kijiti chake cha kupimia: cha ATF kiko upande wa kushoto wa gari, cha difu kiko kulia. Chini ya gari kuna nati tatu za kumwagia, ya oili ya injini, ya difu na ya ATF. Kuna magari yaliyokufa difu kwa sababu kijana wa gereji alimwaga oili ya difu akidhani ni ya injini, kisha akaongeza oili mpya kwenye injini iliyokuwa bado imejaa.

Vyumba hivyo viwili vimetenganishwa na sili zilizo kwenye shafti ya pinioni. Sili zikichoka, ATF huvuja kuingia kwenye difu. Dalili yake unaiona kwenye kijiti cha kulia: kiwango kimepanda kupita alama, oili imekuwa nyepesi na ina wekundu, huku kijiti cha kushoto kikionyesha ATF inapungua na chini ya gari hakuna hata tone. Ukiliona hilo kwenye giaboksi yako ya zamani, usifikirie kuitoa pinioni yake na kuihamisha bila sili mpya.

Hesabu ya meno

Difu inapunguza mizunguko. Pinioni ndogo inazungusha krauni kubwa, na uwiano wao, ambao mafundi huuita reshio, ni idadi ya meno ya krauni ukiigawa kwa meno ya pinioni. Krauni ya meno 37 na pinioni ya meno 9 hutoa 4.111. Krauni ya meno 40 na pinioni ya meno 9 hutoa 4.444. Ipo pia 3.900, yaani meno 39 kwa 10. Hizo zote utazikuta kwenye 4EAT, na kwa nje giaboksi zake zinafanana.

Sasa chukua gari lenye 4.111 nyuma, ulifungie giaboksi yenye 4.444 mbele. Magurudumu ya mbele yakizunguka mara moja, propela inazungushwa mara 4.444. Difu ya nyuma inaigawa kwa 4.111, na magurudumu ya nyuma yanatakiwa kuzunguka mara 1.081. Kwa lugha ya barabara, kila mbele inapokwenda mita 1,000, nyuma inataka kwenda mita 1,081. Mita hizo 81 hazipo popote. Lazima kitu kiteleze: tairi, au sahani za klachi ya mkiani.

Kwenye tope na changarawe huteleza tairi, na mwenye gari hahisi kitu. Ndiyo maana gari la aina hii linaweza kuonekana zima kwa mtu anayeishi kwenye barabara za vumbi, kisha likaharibika katika safari yake ya kwanza ndefu ya lami. Kwenye lami kavu tairi zinashika, basi sahani za klachi ndizo zinazosuguana muda wote. Zinapata moto, ATF inabadilika rangi na kunuka kuungua, na chengachenga za sahani zinasambaa kwenye giaboksi nzima. Giaboksi uliyoinunua ikiwa nzima inakuwa imeuawa na difu isiyolingana nayo.

Upo mtihani mdogo wa kuthibitisha. Magari mengi ya 4EAT yana nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD, kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti. Ukiweka fyuzi hapo, klachi ya mkiani inaachia na gari linavuta kwa mbele peke yake. Kujikaza kukikoma, umejua kwamba tatizo liko kwenye mgawanyo wa mbele na nyuma. Fyuzi hiyo ni ya kukufikisha nyumbani au gereji. Usiigeuze kuwa matengenezo.

Kabla ya kulaumu difu, tazama tairi. Subaru huelekeza kwamba mizingo ya tairi zote nne isipishane kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma, au saizi mbili tofauti, zinaweza kuleta kujikaza kwa namna hiyohiyo. Funga utepe wa kupimia kuzunguka kila tairi. Inachukua dakika chache na inaweza kukuokolea fedha nyingi.

Namna ya kujua uwiano bila kukisia

Usiamini jina la modeli. Forester mbili za mwaka mmoja, moja ya turbo na nyingine ya kawaida, zinaweza kuwa na difu tofauti. Anza na kibati cha utambulisho kwenye gari lako: kina namba ya aina ya giaboksi. Kwenye giaboksi yenyewe, lebo iko kwenye kichwa chake, na kwa 4EAT nyingi namba huanza na TZ au TV. Namba hizo zikilingana herufi kwa herufi, umekaribia sana usalama. Lebo ikiwa imebanduliwa au imepakwa rangi, hesabu kwa mkono.

Kwa difu ya nyuma, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au vipande vya mbao, inua nyuma yote na uiweke juu ya stendi, usiiache ikitegemea jeki peke yake. Weka giaboksi kwenye N na uachie breki ya mkono. Chora mstari wa chaki kwenye propela na mwingine kwenye tairi. Mwenzako ashike gurudumu moja lisizunguke, wewe zungusha la pili mara mbili kamili. Krauni itakuwa imezunguka mara moja, na mizunguko ya propela ndiyo uwiano wenyewe. Mara nne na kama moja ya kumi ni 4.111. Mara nne na karibu nusu ni 4.444. Pungufu kidogo ya nne ni 3.900. Ikiwa magurudumu yote mawili yanang'ang'ania kuzunguka pamoja, difu yako ina kizuizi cha kuteleza. Zungusha yote mawili pamoja mara moja, upate jibu lilelile.

Kwa giaboksi iliyo sakafuni, kanuni ni hiyohiyo, unazungusha vishafti vifupi vilivyochomoza pembeni. Tahadhari ni moja: usihesabu kwa kutazama shafti ya nyuma inayotoka mkiani, kwa sababu kati yake na pinioni kuna klachi, nayo inaweza kuteleza ikakudanganya. Kava ya mkia inatakiwa itolewe, ihesabiwe mizunguko ya gia inayoendesha pinioni. Muuzaji akikataa kuifungua, muombe akuuzie pamoja na difu ya nyuma ya gari lilelile lililotoa giaboksi. Akikataa na hilo, tafuta duka lingine.

Njia tatu za kutoka

Ya kwanza ni kutafuta giaboksi yenye namba ileile na ya gari lako. Inaweza kuchukua siku kadhaa za kupiga simu, na fundi atakuharakisha kwa sababu gari limeziba nafasi gereji. Mvumilie, lakini usikubali kuharakishwa.

Ya pili ni kuiacha giaboksi ya mtumba kama ilivyo na kubadilisha difu ya nyuma ifanane nayo. Difu ya nyuma ya Subaru inaning'inia kwa bolti chini ya gari. Inatoka na kuingia bila kufungua kitu chochote cha ndani, na krauni na pinioni yake hazijaguswa tangu kiwandani. Hakikisha tu kwamba vishafti vya pembeni ni vya aina moja na vyako, kwa sababu vingine vinaingia kwa kubonyeza na vingine vinafungwa kwa bolti, na kwamba flanji ya propela inalingana. Ukitoka 4.111 kwenda 4.444 mbele na nyuma, injini itazunguka zaidi kwa asilimia 8: pale ilipokuwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika itafika kama 2,700. Gari litapanda milima kwa wepesi zaidi na litakunywa mafuta kidogo zaidi kwenye safari ndefu. Kwa watu wengi hilo linavumilika.

Ya tatu ndiyo ya kuhamisha difu ya mbele. Inafaa pale tu njia mbili za kwanza zimefungwa: giaboksi ya namba yako haipatikani, difu ya nyuma inayofaa haipatikani, na difu ya mbele ya giaboksi yako ya zamani bado ni nzima. Zipo pia nyakati ambapo uwiano ni mmoja lakini difu ya giaboksi ya mtumba ndiyo mbovu, inavuma au ina meno yaliyomeguka, huku ya zamani ikiwa safi.

Ukichagua ya tatu

Jua kwanza kwamba krauni na pinioni ni wanandoa. Vilisagwa pamoja kiwandani mpaka meno yao yakazoeana, na havitenganishwi. Kuchukua krauni ya giaboksi moja na kuikutanisha na pinioni ya nyingine, hata kama meno yamelingana kwa idadi, ni kununua mlio. Na kama uwiano ni tofauti kabisa, havitafanya kazi pamoja.

Krauni haina shida kuifikia. Vishafti viwili vifupi vikishatoka, unafungua ringi mbili zenye thredi zilizo pembeni mwa kichwa cha giaboksi, na nyumba ya difu inapata nafasi. Kazi ngumu ni pinioni. Imefungwa kwenye ukuta wa pampu ya oili, katikati ya kichwa na mwili wa giaboksi, na kina chake kimepangwa kwa shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi. Kuifikia ni lazima kuitenganisha giaboksi vipande viwili.

Kwa sababu hiyo, mafundi makini hawaihamishi pinioni peke yake. Wanahamisha kichwa chote cha giaboksi ya zamani pamoja na ukuta wa pampu na pinioni yake, wakakifunga kwenye mwili wa giaboksi ya mtumba. Kwa njia hiyo kina cha pinioni na mchezo wa krauni vinabaki vilivyokuwa. Lakini kuna masharti mawili. Pampu ya oili inayohamia iwe nzima, maana kama giaboksi ya zamani ilikufa kwa chengachenga za chuma, pampu yake imezimeza. Na mchezo wa jumla wa mhimili wa ndani upimwe upya, urekebishwe kwa washa ya unene unaofaa, kwa kuwa sasa vipande viwili vya giaboksi tofauti vimekutana kwa mara ya kwanza. Fundi anayesema vitu hivi haviwezi kupishana hajawahi kuvipima.

Ikiwa ringi za pembeni zitafunguliwa, hapo ndipo fundi anapojulikana. Kabla ya kugusa kitu, apige alama kwenye kila ringi na kwenye mwili wa giaboksi, halafu atoe kibati cha kufungia na kuhesabu mizunguko ya ringi inapotoka, upande wa kulia na wa kushoto, na kuiandika. Ringi hizo ndizo zinazosogeza krauni kuikaribia pinioni au kuiacha. Ukilegeza moja kwa nafasi fulani na kukaza nyingine kwa nafasi ileile, krauni inahama bila kubadilisha mkazo wa beringi. Ukikaza moja tu, umebadilisha vyote viwili.

Mchezo unaotakiwa kati ya meno ya krauni na pinioni kwenye 4EAT ni milimita 0.13 hadi 0.18. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa milimita 0.1 hivi, kwa hiyo nafasi yote unayoruhusiwa kukosea ni nusu ya karatasi moja. Hakuna mkono wa fundi unaohisi hilo. Linapimwa kwa dayo geji, ile saa ndogo yenye mshale, sindano yake ikigusa jino la krauni huku pinioni imezuiwa isizunguke. Lipimwe sehemu kadhaa za duara, maana krauni iliyopinda itasoma hivi hapa na vile pale. Kisha meno yapakwe rangi ya ukaguzi, yazungushwe, na alama ya mgusano itazamwe. Ikiwa katikati ya jino, vizuri. Ikikimbilia ukingoni, kina cha pinioni hakijakaa sawa, na giaboksi isifungwe.

Mchezo ukiwa mdogo mno, difu italia kwa sauti nyembamba inayopanda na mwendo, na itapata moto. Ukiwa mkubwa, utasikia kishindo kila unapokanyaga na kuachia mafuta. Sauti hizo haziponi kwa kubadilisha oili.

Wakati kila kitu kiko mezani, badilisha sili za vishafti, oringi za ringi na sili za pinioni, hata kama za zamani zinaonekana nzima. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuishusha giaboksi tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mambo ya kukagua kabla ya kuilipia

Giaboksi za 4EAT zina vizazi viwili vikuu, na havichanganywi. Kile cha kuanzia karibu 1999 kina filta ya nje ya kuzungusha kwa mkono, inayofanana na filta ya oili ya injini. Cha zamani hakina. Waya, sensa na kompyuta yake ni tofauti, basi usikubali kushawishiwa kwamba soketi zitabadilishwa.

Omba sampo, lile bakuli la ATF lililo chini ya giaboksi, ifunguliwe au angalau ATF idondoshwe kidogo kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu yenye uangavu ni habari njema, kahawia yenye harufu ya kuungua ni ya kuachana nayo. Mwaga na oili ya difu kidogo uitazame juani: chuma laini kama unga ni uchakavu wa kawaida, vipande vinavyoonekana kwa macho ni meno. Shika vishafti viwili vya pembeni uvitikise juu na chini. Zungusha kimoja, kingine kinapaswa kuzunguka kinyume kwa ulaini, bila kukwama na kuachia.

Kuirudisha kwenye gari

Makosa yanayoua giaboksi iliyotengenezwa vizuri hutokea katika saa ya mwisho, watu wakiwa wamechoka na jua linazama. Kubwa kuliko yote ni torki konveta kutokukaa hadi mwisho. Inatakiwa isukumwe huku ikizungushwa mpaka ishike shafti zote za ndani, pamoja na ile inayoendesha pampu. Isipofika, bolti za giaboksi zikikazwa zinaibana pampu na kuipasua. Kanuni ya kuishika ni hii: giaboksi na injini vikutane kwa mkono, nyuso zote mbili zigusane, na konveta iendelee kuzunguka kwa uhuru, kabla bolti hata moja haijakazwa. Mahali pakibaki uwazi, usiuvute kwa bolti. Rudisha nyuma uanze upya.

Baada ya hapo jaza oili mbili kwenye mahali pawili. Kwenye difu weka GL-5 na upime kwa kijiti cha kulia. Kwenye giaboksi weka ATF ya aina iliyoelekezwa, washa injini, pitisha leva kwenye kila gia huku umekanyaga breki, na upime kwa kijiti cha kushoto injini ikiwa inaunguruma. Endesha kwa upole, kisha tafuta uwanja mpana wa lami na ukate duara kamili polepole, usukani ukiwa mwisho, kulia na kushoto. Gari lisilojikaza hapo limefungwa difu zinazolingana. Baada ya siku chache angalia tena vijiti vyote viwili. Kiwango kikipanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, sili za pinioni zimefeli.

Neno kwa wenye Toyota

Wenye Corolla, Premio au IST huuliza kama nao wana shida hii. Magari hayo yanayovuta mbele yana difu ndani ya giaboksi pia, lakini injini imekaa kwa upana na krauni yake ina meno ya mshazari ya kawaida, hivyo hakuna kina cha pinioni cha kupangwa. Kinachopimwa ni mkazo wa beringi za difu, unaowekwa kwa shimu, na ukihamisha difu unahamisha na hesabu ya shimu. Kwa kuwa hakuna difu ya nyuma, uwiano tofauti hautaunguza klachi, utabadilisha tu mizunguko ya injini, mvuto na labda usomaji wa spidi. Kibati cha Toyota chenye maneno TRANS/AXLE kinakuonyesha namba ya giaboksi na ya difu kwa pamoja. Kwenye baadhi ya giaboksi za zamani, mfano A140E ya Camry na A131L ya Corolla, difu ina chumba chake cha oili, na ukijaza giaboksi pekee utaiacha difu ikauke. Ukiwa na Toyota inayovuta magurudumu yote manne, hakikisha kwamba mzunguko wa mbele na wa nyuma unalingana.

Shauri langu

Fundi akikwambia difu ihamishwe, muulize maswali matatu: uwiano wa mbele ni ngapi, wa nyuma ni ngapi, na dayo geji yake iko wapi. Akijibu mawili ya kwanza kwa tarakimu na kukuonyesha cha tatu, mpe kazi na umlipe anachostahili. Akikwambia amezoea, chukua gari lako. Kwa muuzaji, hakikisha risiti imeandikwa namba ya giaboksi, uwiano wake na muda wa kuirudisha. Piga alama yako ya rangi juu ya giaboksi mbele yake, usije ukaambiwa uliyorudisha siyo aliyokuuzia. Nenda mwenyewe dukani pia, maana fundi anayetumwa peke yake ana cha juu chake cha kufikiria.

Kwa gari la kawaida la familia, jibu sahihi karibu kila mara ni kununua giaboksi na difu ya nyuma kutoka gari moja na kuvifunga vyote viwili bila kufungua chochote cha ndani. Hesabu mizunguko kwa chaki kabla fedha haijatoka mfukoni.